Nani Aliitoa Siri ya Nabiha?

"Siri ya mwanangu umeifanya maneno ya barazani!"

Bi Khairiya alikuwa amesimama katikati ya ofisi ya mwalimu mkuu, mtandio umemteleza mpaka mabegani, kidole kimemuelekea Lamis usoni.

"Bi Khairiya, wallahi sijamwambia mtu."

"Usiape! Mtoto alikuja kwako kwa sababu alikuamini. Alikwambia wewe peke yako kwamba babake ana mke mwengine mtaa wa Tudor. Mimi mwenye mume sijui, nakuja kuambiwa na watu wa nje kama naambiwa bei ya samaki!"

"Ni nani aliyekwambia?"

"Nimeombwa nisimtaje, na sitamtaja. Mimi si kama wewe."

Lamis alikuwa mshauri nasaha wa shule ile ya wasichana. Kazi yake nzima ilikuwa kusikiza na kunyamaza. Wasichana walimletea mambo ambayo hawakuwahi kumwambia mama wala dada, na yeye aliyabeba bila kuyatua popote.

Bi Mirriam, mwalimu mkuu, mama wa Kigiriama asiyepandisha sauti, alivua miwani.

"Mwalimu Lamis, habari hii Nabiha alikuletea wewe?"

"Ndiyo."

"Alimwambia mwengine hapa shuleni?"

"Alisema hakumwambia yeyote."

"Basi imetokaje?"

"Sijui, mwalimu mkuu. Namuomba Mungu nijue."

"Hilo si jibu la kuwapa wazazi." Bi Mirriam alishusha pumzi. "Funga chumba cha ushauri. Ukae nyumbani mpaka bodi ikutane Jumatatu."

Lamis alitoka nje akiwa haoni vizuri. Kwenye korido, karibu na bomba la maji, alisimama Nabiha na sare yake ya kidato cha tatu, macho yamevimba.

"Nabiha, nisikize—"

"Mama amehama nyumbani, mwalimu. Tuko kwa nyanya, Kuze. Baba kaniita jasusi. Kasema nisimuite baba tena." Sauti ya yule msichana ilikuwa kavu, hata hakulia. "Nilikwambia wewe. Sikumwambia hata Mungu kwa sauti. Nilikwambia wewe."

Akaondoka. Lamis akabaki na ufunguo wa chumba cha ushauri mkononi.

* * *

Fahmi, mchumba wa Lamis, alifika kumchukua kabla hata hajamaliza kumueleza kwenye simu. Alishuka, akamfungulia mlango wa gari, akampa maji.

"Kunywa kwanza. Usiseme kitu."

Ndivyo alivyokuwa Fahmi. Walikutana chuoni, darasa moja la ushauri nasaha, na jioni zao nyingi ziliishia Buxton kwenye kibanda cha chai wakibishana juu ya kazi yao ya baadaye. Walikuwa darasa zima la vijana wenye moto. Sasa moto umebaki kwa wachache. Mmoja anauza manukato Marikiti, mwengine yuko benki, mwengine kaolewa Muscat. Fahmi mwenyewe alikaa kwenye shule ya wavulana kwa muda mfupi tu, akaondoka, akaingia kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini. Huko ndiye mkubwa wa idara ya wafanyakazi, ana ofisi yenye kioo na baridi.

Lamis alibaki. Chumba chake cha ushauri kilikuwa stoo ya mipira, na mpaka leo kilinuka ngozi na vumbi. Kila mwalimu aliyeacha kazi, vipindi vyake vilirundikwa juu yake. Mwaka huo alikuwa akifundisha Kiswahili, akisimamia mitihani, na ushauri akiufanya wakati wa mapumziko wenzake wakila. Lakini kulikuwa na wasichana waliokuwa hai na wanasoma kwa sababu chumba kile kilikuwa wazi. Hilo alilijua, na hakuhitaji kuambiwa na mtu.

"Nani aliyetoa habari hii, Fahmi?" alisema gari likipita Makadara. "Nawaza mpaka kichwa chaniuma."

"Huenda mtoto mwenyewe alimwambia rafiki. Watoto hawa wana simu."

"Hapana. Namjua Nabiha."

"Lamis, roho yangu, watu huwa hatuwajui."

Kulikuwa na kitu kimoja kilichokuwa kikimsumbua Lamis tangu ofisini, akaona afadhali akitoe.

"Unakumbuka siku ile tuko ufukweni Mama Ngina, tunakula mihogo? Nabiha alitokea analia, akasema yale maneno kabla sijamvuta pembeni. Wewe ulikuwa nyuma yangu."

Fahmi alipunguza mwendo. Akasimamisha gari kabisa kando ya barabara.

"Wanishuku mimi?"

"Sikushuku. Nauliza tu."

"Mimi niliyesomea kazi hii hii na wewe? Mimi niliyefundishwa kiapo kile kile?" Uso wake ulikuwa na maumivu kiasi kwamba Lamis aliona haya. "Miezi michache tuoane, nawe waniuliza kama nimeuza siri ya mtoto?"

"Nisamehe. Nimechanganyikiwa."

"Nimekusamehe. Lakini imeniuma."

Alimshika mkono. Na hapo, kwa sauti ya upole, akaanza kumwambia jambo ambalo Lamis alilisikia mara nyingi kabla ya siku ile.

"Sikiza. Usingoje wakufukuze. Jiuzulu mwenyewe, uondoke na heshima yako. Nafasi ile kwenye idara yangu bado ipo. Utakaa na watu wazima, utasikiza malalamiko ya likizo na sare, saa kumi uko nyumbani. Hakuna mtoto atakayekuja kukulilia sokoni."

"Fahmi, mimi si mtu wa ofisi."

"Ulikuwa mtu wa shule, na shule imekutupa kwa siku moja. Kuna nini ambacho hukuwapa? Wamekulipa nini?"

Safari hii Lamis aliyafikiria maneno yale. Mara zote alikuwa akiyakataa.

* * *

Nyumbani Kibokoni, mamake, Bi Sheikha, alikuwa akikunja vitambaa vya harusi kwenye ukumbi. Alimuona bintiye uso, akaviacha.

"Kuna nini?"

Lamis alimueleza. Mamake alisikiza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu.

"Ulisema kitu?"

"Sikusema, mama."

"Basi mbona waenda kuandika barua ya kuacha kazi kama mtu aliyesema?"

"Fahmi anasema ni bora."

"Fahmi anasema." Bi Sheikha alikiangalia kitambaa alichokishika kama hakikumbuki. "Mwanangu, mimi sikusoma. Lakini nakuona ukirudi kutoka kazini. Warudi umechoka, lakini warudi mzima. Huyo Fahmi tangu aache kazi hiyo sijamuona mzima."

"Mama, usianze."

"Nimenyamaza."

Lamis aliandika barua. Haikuwa ndefu. Aliisoma, akaipiga picha na kumtumia Fahmi, kwa sababu alitaka mtu mmoja amwambie kwamba amefanya sawa. Jibu lilikuja papo hapo:

"Najivunia wewe. Sasa utapumua. Jumatatu ipeleke mapema kabla ya kikao. Nakupenda."

Kisha akamuandikia Nabiha: "Mwanangu, naondoka shuleni. Kabla sijaondoka nataka nikuone, hata usiponisemesha." Alama zilionyesha ujumbe umesomwa. Hakujibiwa.

* * *

Jumapili baada ya alasiri alivaa buibui, akaenda Kuze kwa miguu. Njiani watu walimsalimu kama kawaida, lakini aliona salamu zimepungua maneno. Mahali alipozoea kuulizwa habari za mama, za kazi, za maandalizi ya harusi, siku hiyo aliambiwa "aleikum salaam" tu na watu wakageuza shingo.

Mlango wa nyumba ya nyanya yake Nabiha ulikuwa wazi. Bi Khairiya alikaa chini kwenye mkeka, anampaka hina biharusi mmoja aliyekuja na khala yake, dadake mamake. Hiyo ndiyo kazi yake, na mikono yake inajulikana mji mzima. Alipomuona Lamis mlangoni, hakuinuka.

"Umefuata nini?"

"Salaam aleikum, Bi Khairiya."

"Aleikum salaam. Umefuata nini?"

"Nimekuja kumuaga Nabiha. Na wewe kukuomba radhi."

"Radhi ya nini, nawe wasema hukusema?"

"Sikusema. Lakini mwanao aliiweka siri kwangu na imetoka. Hata kama sijui imetoka vipi, ilikuwa kwangu." Lamis alikaa chini kwenye kizingiti bila kukaribishwa. "Kesho nawapelekea barua. Naacha kazi. Nilitaka mujue kwamba sitakuwapo pale kumuumiza kila akipita."

Bi Khairiya alitulia na koni ya hina hewani.

"Waacha kabisa? Kazi yenyewe?"

"Kabisa."

Kulikuwa na kitu usoni mwa yule mama, kama mtu aliyetarajia kufurahi na furaha haikuja. Aliinama akaendelea na ua alilokuwa akilichora kwenye kiganja cha biharusi.

"Mwalimu, nikwambie ukweli. Mume kuoa si haramu. Angenambia, ningelia, ningepiga kelele, yangepita. Mimi nimeumia kwa kufichwa. Na nikaumia zaidi kujua mwanangu ameubeba mzigo ule peke yake, akaenda kuutua kwa mtu wa nje. Niliona wivu. Mbona hakuja kwangu?"

"Hakutaka kukuvunja moyo. Kila siku alinambia hivyo. Alisema mama akijua atakufa."

Bi Khairiya alijifuta machozi kwa mgongo wa mkono. Simu yake ikaanza kulia juu ya mto. Mikono yote miwili ilikuwa na hina.

"Nibonyezee hiyo, mwalimu. Weka sauti kubwa. Huenda ni mteja."

Lamis aliichukua. Namba haikuwa na jina, lakini hakuhitaji jina. Namba ile aliijua kwa moyo, alikuwa akiipiga kila siku. Kidole chake kilibonyeza kabla akili haijafika.

"Masalkheri, mamangu," ilisema sauti ya Fahmi, changamfu, yenye adabu. "Samahani kukusumbua Jumapili. Nimepiga kukushukuru. Mambo yamekwenda kama tulivyosema. Lamis keshaandika barua."

Biharusi aliinua kichwa. Bi Khairiya alifunga macho.

"Ila kesho kwenye kikao usilegee," Fahmi aliendelea. "Sema vile vile ulivyosema ofisini. Wakimuonea huruma wakamrudisha, kazi yetu yote itakuwa bure. Haloo? Mamangu, wanisikia?"

"Nakusikia," alisema Bi Khairiya taratibu. "Kazi yetu? Mimi na wewe tuna kazi gani?"

"Si ile... kumsaidia Lamis. Si nilikueleza? Amechoka, hawezi tena kutunza siri za watoto, hunihadithia zote..."

"Fahmi," alisema Lamis.

Upande wa pili breki za gari zililia.

"Niko kwa Bi Khairiya, Kuze," alisema Lamis. Alishangaa sauti yake ilivyokuwa tulivu. "Njoo."

Akakata.

Bi Khairiya aliiweka koni chini. "Ndiye yeye, mwalimu. Alikuja kwangu kabla sijahama, kakaa kizingitini kama ulivyokaa wewe. Kanambia habari za Tudor, kasema kazipata kwako. Kasema wewe humuhadithia habari za wasichana wote, mukicheka. Akaniomba nikushitaki kwa mwalimu mkuu, nisimtaje jina, kwa kuwa ukijua utamuacha. Nikamuona kijana wa watu, anahurumia mtoto wangu." Alipiga paja lake kwa hasira, hina ikamchafua gauni. "Nimetumiwa kama fimbo!"

Lamis alikuwa akiusikia tena ule mlango wa gari ukifunguliwa, ile chupa ya maji, ile sauti: imeniuma.

* * *

Fahmi alifika akiwa na jasho. Biharusi na khala yake walikuwa wameshatoka. Alisimama dakani, kwenye kile kibaraza cha mlangoni, hakuthubutu kuvuka kizingiti.

"Lamis, twende tukazungumze faragha."

"Faragha?" Lamis alisimama mbele yake. "Umeitoa siri ya mtoto wa kike ukaitembeza mjini, wewe wataka faragha?"

"Nilifanya kwa ajili yako."

"Nieleze. Nasikiza. Si ndiyo kazi yangu?"

"Wallahi nilifanya kwa ajili yako! Ulikuwa unakwisha, Lamis. Simu usiku, simu alfajiri, watoto wanakulilia mpaka ufukweni. Nikikwambia acha, husikii. Nikikutafutia kazi, huitaki. Nimeshawaambia ofisini kwamba waja, jina lako nimelipeleka zamani! Nikaona hapana njia nyengine. Nikadhani Bi Khairiya atalalamika kidogo, utahamishwa au utachoka, basi. Sikujua Mzee Faraj atamkana bintiye. Sikujua nyumba itavunjika."

"Hukujua?" Lamis alimkazia macho. "Tulifundishwa darasa moja, Fahmi. Tulikaa dawati moja. Siku ile mwalimu wetu alipouliza siri ya mtoto ikitoka hutokea nini, ni wewe uliyeinua mkono ukajibu. Ulijibu vizuri, darasa zima likanyamaza. Usiniambie hukujua."

Fahmi aliangalia chini.

"Na nilipokuuliza kwenye gari," alisema Lamis, na hapo sauti yake ikaanza kukatika, "ulinifanya mimi niombe msamaha. Mimi! Nilirudi nyumbani najilaumu kwa kukushuku. Nilijiona mimi ndiye mbaya."

"Niliogopa kukupoteza."

"Hapana. Hebu sema ukweli mara moja. Ulitaka niache kwa sababu gani?"

Fahmi alipozungumza, sauti ilikuwa ya mtu mwengine, si yule bwana wa ofisi ya kioo.

"Kwa sababu mimi nilishindwa. Kulikuwa na mvulana kule shuleni kwangu, alikuwa akija kila siku, nami kila siku sijui nimwambie nini. Nikawa naingia darasani natetemeka. Nikakimbia. Wewe hukukimbia. Tukipita Ndia Kuu wasichana wakusimamisha, wakubusu mkono, 'Mwalimu Lamis, nimeingia chuo, mwalimu Lamis, nimepata mtoto'. Mimi nasimama pembeni nashika mifuko. Kila siku nakuona, najiona mtoro."

"Ungeniambia hivyo ningekushika mkono," alisema Lamis. Machozi sasa yalikuwa yakimtiririka, hakuyafuta. "Ningekaa nawe mpaka upone. Hilo ndilo ninaloweza kufanya duniani kuliko jambo lolote. Ungeniambia tu."

"Nakwambia sasa."

"Sasa umechelewa. Ulitaka niwe mtoro ili tuwe sawa."

Hatua zilisikika kwenye ngazi. Nabiha aliteremka taratibu, kanga begani, akasimama nyuma ya mamake. Fahmi alimgeukia.

"Nabiha, mdogo wangu, nisamehe. Nilikukosea."

Yule msichana alimtazama kama anayetaka kuelewa jambo.

"Na wewe ulisomea kazi ya mwalimu Lamis?"

"Ndiyo."

"Basi afadhali uliacha."

Fahmi aliinamisha kichwa kana kwamba amepigwa kofi mbele ya mji. Lamis alivua pete ya uchumba. Haikutoka kwa urahisi, kidole kilikuwa kimevimba kwa joto, ikabidi aizungushe na kuivuta huku kila mtu akimtazama. Alipoitoa, alimpa mkononi.

"Vilivyobaki mama ataviregesha kwenu. Nenda, Fahmi."

"Lamis..."

"Nenda kabla sijakuchukia. Bado sijafika huko."

* * *

Kikao cha Jumatatu hakikuchukua muda, na barua ya Lamis ilibaki mkobani. Bi Khairiya alisimama mbele ya bodi, akasema yote, pamoja na sehemu yake mwenyewe.

"Nilimshitaki mtu asiye na kosa kwa maneno ya mwenye kosa," alisema. "Naomba mwalimu arudi kazini. Na nikiulizwa mjini nitasema hivi hivi."

Wazazi wawili kwenye bodi hawakuridhika. Walisema siri ni siri, iwe imetoka kwa mshauri au kwa mchumba wake, na wakasema binti zao hawatakanyaga chumba kile. Lamis hakubishana nao. Walikuwa na haki yao, ingawa bodi ilimrudisha kazini.

Bi Mirriam alimbakisha baada ya kikao.

"Mwalimu, nitakwambia kitu ambacho si kizuri kusikia. Ijumaa ulipotoka hapa, nilishaamua chumba kile kiwe stoo tena."

"Hungetafuta mshauri mwengine?"

"Wapi? Kabla yako nilikuwa nao. Wote walikuwa wazuri, wote waliondoka, na sikumlaumu hata mmoja. Nawapa stoo, nawapa vipindi vya watu, halafu nashangaa hawakai." Alipangusa miwani yake. "Ukitaka kuondoka, naelewa. Ukikaa, vipindi vya Kiswahili navitoa kwako leo hii. Hilo naliweza."

"Nipe siku ya leo nifikirie."

"Chukua."

Hakuwa anafikiria kazi. Alikwenda nyumbani, akaingia jikoni, akamshika mamake kiunoni kama mtoto mdogo, akalia mpaka wali ukaungua. Bi Sheikha alizima jiko kwa mkono mmoja, na ule mwengine akamwachia bintiye.

"Nampenda bado, mama. Ndilo linaloniua."

"Najua."

"Nifanye nini?"

"Ulie. Ukimaliza kulia, ule. Vitu vyao navipeleka mimi mwenyewe alasiri, nawe huendi popote."

Jioni ujumbe wa Fahmi uliingia: "Nimekwenda kwa Mzee Faraj, dukani kwake. Nimemwambia ni mimi, si mtoto. Kanitukana mbele ya wateja, nimenyamaza. Najua hairudishi kitu. Nisamehe, Lamis. Nilikupenda vibaya."

Aliusoma mara nyingi. Akajibu: "Yangu nimekusamehe. Ya Nabiha si yangu kukusamehe. Usiniandikie tena." Kisha akaifunga namba ile, akaiweka simu kifudifudi.

* * *

Wiki ya kwanza hakuna msichana aliyekuja. Lamis alifungua chumba kila asubuhi, akafungua madirisha, akakaa. Wakati wa mapumziko alisikia nyayo zikipita mlangoni zikiongeza mwendo. Alijua wanachonong'ona. Mara mbili alishika simu ampigie yule bwana wa benki, mwenzake wa darasani, amuulize kama kuna nafasi. Mara mbili aliiweka.

Wiki iliyofuata mlango ulisukumwa. Alikuwa Nabiha, begi kifuani.

"Mama karudi nyumbani," alisema, amesimama. "Wamekaa na wazee, wamezungumza. Baba kanisalimia jana. Hakusema samahani, lakini kanisalimia."

"Alhamdulillahi."

"Najua si wewe, mwalimu."

"Ahsante, Nabiha."

"Lakini siwezi tena kukwambia kitu. Nikitaka kusema, koo lafunga. Si kwamba nakuchukia. Lafunga tu."

Maneno yale yalimpiga Lamis palepale alipokuwa na jeraha. Alitamani kumtuliza, kujitetea, kuahidi. Hakufanya lolote kati ya hayo.

"Sawa," alisema. "Huna haja ya kuniambia kitu."

"Naweza kukaa tu? Darasani wananiangalia."

"Kaa."

Nabiha alivuta kiti mpaka dirishani, akatoa kitabu cha kemia, akainama. Lamis alivuta madaftari ya Kiswahili yaliyobaki, akasahihisha. Nje wasichana walikuwa wakipiga kelele za mpira wa wavu. Hawakusemezana mpaka kengele ilipolia.

Msichana alifunga kitabu, akasimama, akafika mlangoni, akageuka.

"Mwalimu, kesho upo?"

Lamis aliweka kalamu chini.

"Nipo."